Umebeti hela ya kikoba na mkeka umechanika? Fanya hivi

Hii ni kwa wewe mkristo ambae hela ya watu ililala kwenye simu yako usiku mmoja tu, ukaona ngoja niizungushe kidogo kesho narudisha na faida inabaki yangu, timu ya mwisho ikakuangusha, na Jumapili kikoba kinakaa na mweka hazina ni wewe.

Kwanza usikope. Najua akili inakupeleka kwa kausha damu, wale wa mikopo ya riba kali, uzibe pengo kabla hawajajua, ukienda utatoka na madeni mawili. Na usibeti tena eti kurudisha, futa hiyo app sasa hivi. Daudi alianza na tamaa ya jioni moja juu ya dari, akataka kuficha, mwisho Uria, mume wa yule mwanamke aliyemtamani, akauliwa vitani, soma 2 Samweli 11, kuficha ndo kulikozaa damu.

Halafu tubu, na uitaje dhambi yenyewe. Sio "Bwana nisamehe mapungufu yangu", sema nimeiba laki nane, na humo kuna ada ya mtoto wa jirani. Kama ni mkatoliki nenda kitubio, padre siri yako haitoi kwa yeyote, ila kurudisha utarudisha tu. Hapa ndo wengi tunateleza, mtu analia madhabahuni, watu wanasema amina, anadhani imeisha. Nabii Nathani alimwambia Daudi Bwana ameiondoa dhambi yako, na hapohapo akamwambia na yatakayompata. Zakayo mtoza ushuru yeye aliahidi kurudisha mara nne ya alichodhulumu. Torati, Hesabu 5:7, ilitaka ukiri, urudishe yote na uongeze moja ya tano, kwa laki nane ni laki na sitini juu, sisemi ni sheria kwako leo ila ukiweza ongeza, watu watajua hujaja kuigiza.

Mwambie mume au mke wako kabla hajasikia nje. Kisha nenda kwa mwenyekiti kabla ya Jumapili, ana kwa ana, sio voisi noti. Sema hivi: "Mama shikamoo. Ile laki nane sina, nimebeti. Hii hapa laki moja, na kila mwisho wa mwezi naleta laki, nimekuja na karatasi nisaini." Basi. Usianze na shetani alinipitia, hata kama kweli alipita, kidole kilichobonyeza ni chako.

Aibu itakukaba, hilo lipo. Yuda alikiri na vile vipande 30 akavirudisha, ila akaenda kujinyonga peke yake. Petro alikana mara 3, akalia sana, lakini akabaki na wenzake mpaka Yesu akamkuta ziwani, akampa kondoo wa kulisha. Kwahiyo ukianza kuwaza kujidhuru mpigie mtu usiku huohuo, mchungaji, dada, yeyote, usikae ndani mwenyewe.

Na wanakikoba wakichelewa kukusamehe usiwatupie ile ya saba mara sabini, Yesu alikuwa anamjibu Petro aliyeuliza amsamehe ndugu yake mara ngapi, hakumpa mkosaji fimbo ya kuwachapia watu. Wewe leta rejesho tu, hata wakikununia. Wakikuvua uweka hazina vua, wakikuachia kataa, hela ipite simu ya mtu mwingine mpaka deni liishe, na hata likiisha.