Mmea usioupanda umeota kwenye chungu cha sakulenti: utambue kabla ya kuung'oa

Juzi nilimsaidia jirani yangu hapa Dar kusafisha vyungu vyake vya sakulenti, hii mimea ya majani manono yenye kuhifadhi maji. Karibu kila chungu kilikuwa na mgeni, naye alitaka wote wang'olewe palepale. Nikamwomba asubiri, maana mmea uliojiotea hukuonyesha udongo wako umetoka wapi na una kasoro gani.

1. Uache utoe majani yake halisi

Majani mawili ya kwanza hufanana kwa mimea mingi. Subiri yanayofuata.

2. Vunja jani, tazama utomvu

Ukitoka mweupe kama maziwa, huenda huo ni mziwaziwa au ndugu yake wa jamii ya mnyaa. Ng'oa, kisha nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa macho, kwa sababu utomvu huo huwasha, na wa mnyaa wenyewe huumiza jicho vibaya sana. Shina jekundu linalotambaa, majani manene na utomvu wa majimaji tu: hilo ni danga, mboga inayolika. Danga na mziwaziwa unaotambaa huchanganywa mara nyingi, kwa hiyo usile kitu kabla ya kuvunja jani.

Vimche vingi vilivyojazana vikifanana, tazama vyungu vya karibu. Zipo kalanchoe za Madagaska zinazozaa vichipukizi kwenye kingo za majani, vikianguka vinaota popote. Vigawe au uvitupe, ila usiwatupie mbuzi wala ng'ombe, ni sumu.

Kwenye simu mimi hutumia iNaturalist, programu ya kutambua mimea kwa picha, kwa kuwa watu wanaojua mimea hupitia picha na kusahihisha. Piga picha ya jani, shina na ua.

3. Ukikuta ndago, badilisha udongo wote

Majani membamba, na shina ukilizungusha vidoleni unasikia pembe tatu: ndago. Ukivuta majani, viazi vyake hubaki chini na kuchipua tena. Mimina chungu kizima, kung'uta mizizi, tupa udongo ule.

Hapa ndipo pa kutulia. Ndago huja na udongo wa bustani, na udongo huo ndio unaoua sakulenti: hushikamana, hukaa na maji, mizizi inaoza. Changanya sehemu moja ya mboji na sehemu mbili za mchanga wa mto wa chembe kubwa. Chekecha mchanga huo kwanza, tumia chembe zinazobaki juu ya chekeche. Mchanga laini wa plasta huziba nafasi za hewa. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi. Chenga za mkaa zinafaa, majivu hayafai.

Wengi huweka kokoto chini ya chungu ili maji yapite. Mimi siweki. Maji hayashuki kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto mpaka udongo ulowe kabisa, hivyo unyevu unapandishwa karibu na mizizi. Funika tundu kwa kipande cha neti, basi. Chungu kiwe cha mfinyanzi, hakijapakwa rangi, na lazima kiwe na tundu. Kile kizuri cha dukani kisicho na tundu, pandia kitu kingine.

Kata mizizi iliyooza, laza mmea kivulini siku kadhaa mpaka vidonda vikauke, panda kwenye udongo mkavu. Maji ya kwanza baada ya wiki moja.

4. Maji

Usifuate kalenda. Chomeka njiti ya mshikaki hadi chini. Ikitoka na udongo umeng'ang'ania, acha. Ikitoka kavu, mwagilia mpaka maji yatoke tunduni. Jani la manjano, laini, linaloonyesha mwanga ndani limezidiwa maji. Lenye mikunjo lina kiu. Masika, Machi hadi Mei, ingiza vyungu barazani.

5. Mwanga

Mmea ukirefuka shingo unatafuta jua. Usogeze kidogo kidogo, ukiutoa ghafla juani majani yataungua.

6. Vidung'ata

Hawa ni wadudu wadogo wanaofyonza mmea. Ukiona pambapamba zao nyeupe kwenye makwapa ya majani, ziguse kwa pamba yenye spiriti, rudia baada ya wiki, na ukitenge chungu hicho hadi zisionekane tena.