Mkono ukivunjika, anza na omena

Juni iliyopita niliteleza kwenye ngazi za ploti yetu hapa Kayole, ndoo ya maji mkononi. Kifundo cha mkono wa kushoto kikavunjika, nikawekwa plasta wiki 6. Mimi ni fundi wa cherehani, mkono ndio kazi. Daktari aliniambia nitulie na nile vizuri. Hiyo "vizuri" hakuieleza, ikabidi nijifunze mwenyewe.

Majirani walileta supu ya miguu ya ng'ombe karibu kila jioni. Supu ni tamu na siikatai, lakini kalsiamu inayotoka mfupani kuingia kwenye maji ni kidogo sana. Kula na ile nyama yake, usinywe mchuzi ukaridhika. Mfupa si chokaa tupu, umeshikwa na protini, kwa hiyo kila mlo uwe na yai, maharagwe, ndengu, samaki au nyama. Na huu si wakati wa kujinyima ili upungue.

Mtu mzima anahitaji kalsiamu kama miligramu 1,000 kwa siku, na mwanamke aliyepita miaka 50 miligramu 1,200. Glasi ya maziwa ina karibu 300. Unga wa wimbi, gramu 100, una zaidi ya 300, basi uji wa asubuhi si mchezo. Lakini kwangu mimi mfalme ni omena, wale dagaa wadogo, kwa sababu unamla na mifupa yake.

Wangu nanunua soko la Muthurwa, waliokauka vizuri. Mimina kwenye sinia, toa vijiti na changarawe. Loweka kwenye maji moto dakika 5, kisha suuza mpaka usione tena mchanga chini ya sufuria. Mimi hufika mara 3 au 4. Kwa mkono mmoja nilikuwa nabana chujio kwa kiwiko ukingoni mwa karai, nusu ya omena wakaishia sakafuni siku ya kwanza, paka akafurahi. Wakaange mpaka wakauke, ndipo utie kitunguu, nyanya na limau. Wengine hutoa vichwa, mimi huviacha.

Kando weka sukuma iliyopikwa kidogo tu. Spinachi nayo ina kalsiamu, ila imefungwa na mwili hauipati kwa urahisi. Malizia na pera au chungwa, maana vitamini C ndiyo inayosaidia mwili kutengeneza kolajeni, zile nyuzi za protini zinazoushika mfupa.

Julai ya Nairobi mnaijua, mawingu kutwa. Jua likitoka, toka nalo, uso na mikono wazi, upate vitamini D. Kukaa nyuma ya kioo cha dirisha hakusaidii. Kama wewe ni mtu wa kushinda ndani, muulize daktari kuhusu vidonge vyake.

Vidonge vya kalsiamu nilimeza pale tu maziwa yalipokuwa ghali. Meza na chakula, isizidi miligramu 500 kwa mara moja, na usichanganye na vidonge vya kuongeza damu, vile vya madini ya chuma. Viachanishe kwa saa kadhaa. Mwenye shida ya figo au mawe asimeze kabla ya kuuliza.

Sasa kuna jamaa alipita kibandani akaniuzia unga wa "kuunga mfupa kwa siku 10", shilingi 1,500. Nikaonja: mlonge mtupu. Mlonge ni mboga nzuri, kijiko kwenye uji hakidhuru, lakini kijiko ni gramu chache, na hakuna mfupa wa mtu mzima unaounga siku 10. Pesa hiyo ingeninunulia maziwa ya wiki mbili.

Sigara acha kabisa, inachelewesha mfupa kushikana. Na vidole vikifa ganzi, vikiwa baridi au vya buluu ndani ya plasta, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, rudi hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.