Mambo ya kuzingatia kabla ya kupika na kugandisha chakula cha mtoto

Likizo ya uzazi Tanzania ni siku 84, lakini chakula cha nyongeza huanza mtoto akitimiza miezi 6. Kwa hiyo siku ya kijiko cha kwanza humkuta mama ameshazoea tena foleni za asubuhi, na hapo ndipo wazo la friza linapokuja: pika Jumapili, gandisha, dada apashe mchana. Wazo ni zuri. Huharibika pale mtu anapoanza na karoti badala ya kuanza na friza.

Kwa hiyo anza na friza. Angalia nyota zilizochorwa mlangoni au kwenye karatasi iliyobandikwa ndani. Nyota moja maana yake inafika nyuzi -6, na chakula hukaa wiki moja tu. Nyota mbili ni nyuzi -12, mwezi mmoja. Nyota tatu ni nyuzi -18, miezi mitatu, na hiyo ndiyo unayoitaka. Kile chumba kidogo cha barafu kilichomo ndani ya friji ya mlango mmoja mara nyingi hakifiki nyota tatu, na kisicho na nyota hata moja ni cha kutengenezea barafu tu, si cha kuhifadhia chakula cha mtoto. Kama maandishi yamefutika na huna kipimajoto, laza aiskrimu humo usiku kucha. Asubuhi kijiko kikizama bila kusukumwa, friza yako haifiki -18, na mipango ya kuhifadhi mwezi mzima iache. Kagua na mpira wa mlango: bana karatasi, funga, vuta. Ikichomoka kirahisi, baridi inavuja. Barafu ikiwa imeota nene ukutani, iyeyushe kwanza, usafishe, ukaushe, ndipo upange.

Friza haiui vijidudu. Inavilaza tu. Chakula kilichoingia na uchafu hutoka na uchafu ule ule, na vijidudu huamka mara joto linapopanda. Ukilishika hili, masharti mengine yote utayaelewa bila kukariri.

Sasa umeme. Hapa soma polepole, maana ndipo watu waangalifu kabisa wanapoumia.

Mkasa hujirudia hivi. Ijumaa jioni familia inakwenda msibani Morogoro. Nyuma wameacha friza iliyojaa nusu: trei mbili za maharage na nyama iliyosagwa, mfuko wa boga, kuku mmoja. Jumamosi alfajiri umeme unakatika mtaani, unarudi Jumapili asubuhi. Friza iliyojaa nusu, mlango ukiwa haujafunguliwa, hushikilia baridi kama saa 24. Iliyojaa pomoni hushikilia kama saa 48. Hii imepitisha muda wake, na nyumba imefungwa madirisha mwezi Februari. Maharage yameyeyuka na kukaa vuguvugu. Umeme unaporudi, mashine inanguruma na kugandisha kila kitu upya. Familia inafika Jumapili usiku, taa zinawaka, mama anabonyeza trei kwa kidole: jiwe. Hakuna harufu, hakuna rangi iliyobadilika. Jumatatu mtoto analishwa, na usiku huo anaanza kuharisha. Nyumba nzima inalaumu meno.

Wengi wakisimuliwa hivyo hujibu, "Si kitachemshwa?" Kuchemsha huua vijidudu vingi vilivyo hai, lakini baadhi yake vikishazaliana huacha sumu ndani ya chakula, na sumu hiyo haiondoki kwa moto wa jikoni. Nyama, samaki, maharage na wali ndivyo vya kuogopwa zaidi. Chakula kilichoharibika hakipikwi kikawa kizima.

Dawa ni kikombe cha maji na sarafu. Jaza kikombe cha plastiki maji robo tatu, gandisha, kisha weka juu ya barafu sarafu ya shilingi 100. Kiache humo siku zote, katikati ya chakula, si pembeni penye baridi kali. Barafu ikiyeyuka, sarafu huzama. Umeme ukirudi, inagandia huko huko chini ilikofika. Ukirudi safari fungua friza, tazama sarafu kabla ya kutazama chochote. Ikiwa juu, endelea. Ikiwa imezama, hata nusu ya kikombe, chakula cha mtoto kinamwagwa chote. Watu wazima wanaweza kujadiliana kuhusu kuku ambaye bado ana chembe za barafu. Mtoto wa miezi 7 hayumo katika mjadala huo.

Ushahidi wa pili ni vipande vyenyewe. Vilivyogandishwa vizuri huachana mfukoni kama kokoto na kona zake zinaonekana. Ukivikuta vimeshikana donge moja, au vimepoteza kona, viliyeyuka. Ndiyo maana chakula hugandishwa vipande vipande na si bakuli zima: bakuli halikuambii kitu. Nafasi zilizobaki tupu ndani ya friza zijaze kwa chupa za maji, ukiacha upenyo juu kwa sababu maji yakiganda hutanuka. Kabla ya safari nunua umeme wa kutosha kwenye LUKU, na mwombe jirani akutumie ujumbe ukikatika na ukirudi. Umeme ukikatika ukiwa nyumbani, usifungue mlango "kuangalia". Upande wa friji wa kawaida hushikilia saa 4 tu.

Hesabu kabla ya kwenda sokoni. Pima chumba kimoja cha trei yako kwa maji na kijiko cha chakula. Kijiko kimoja ni mililita 15, na trei nyingi huchukua kimoja hadi viwili. Mtoto huanza na vijiko 2 au 3 kwa mlo, na kati ya miezi 6 na 8 hupanda polepole hadi nusu kikombe cha mililita 250. Kwa trei ya mililita 30, hicho ni vipande 4: viwili vya viazi lishe au boga, kimoja cha maharage au nyama, kimoja cha mboga ya majani. Kama unahitaji mlo wa mchana tu kwa siku 10 za kazi, ni vipande 40, yaani trei tatu za vyumba 14. Usipike zaidi ya hapo. Mtoto wa miezi 6 anataka rojo laini. Akifika miezi 8 anatakiwa apate chakula cha kupondwa chenye mabonge madogo na vya kushika mwenyewe. Akicheleweshwa kwenye rojo, baadaye hukataa kutafuna. Friza iliyojaa rojo ya miezi miwili inakushawishi umcheleweshe.

Kila chakula kigandishe peke yake, uchanganye kwenye sahani. Mtoto akitoka vipele au akitapika, utajua ni kipi. Ukichanganya vitu sita sufuriani, utabaki kubahatisha.

Vinavyovumilia friza ni viazi lishe, boga, karoti, njegere, maharage, dengu, nyama, kuku na mchicha. Viazi mviringo ukivisaga kwa blenda huwa kama gundi, na vikiganda hutoa maji; viponde kwa uma siku hiyo hiyo. Uji usiugandishe, utakatika maji juu na mabonge chini. Mtori nao hukatika, ila ukiupasha huku ukikoroga sana hurudi. Ndizi mbivu, parachichi na papai hupondwa kwa dakika moja, hakuna sababu ya kuzigandisha.

Mikono, ubao, kisu: sabuni na maji yanayotiririka. Nyama mbichi iwe na ubao wake. Chumvi na sukari, hapana. Asali, hapana kabisa kabla ya mwaka mmoja, hata kwenye kikohozi.

Maharage loweka usiku kucha, mwaga yale maji, chemsha kwa moto mkali dakika 30 za mwanzo ndipo upunguze. Yana sumu yake ya asili isiyovunjika kwa moto hafifu. Yaive hadi yapondeke kwa vidole viwili, kisha pitisha kwenye chujio kuondoa maganda. Nyama ichemshwe hadi iachane nyuzi, isagwe na supu yake isiyo na chumvi. Maini yana madini chuma mengi, lakini vitamini A yake nayo ni nyingi: mara moja kwa wiki inatosha. Samaki ni kazi ya vidole. Chambua miiba yote, papasa tena mara ya pili, ndipo usage. Blenda haiyeyushi mwiba. Inaukata kuwa sindano ndogo usizoziona. Karanga na mahindi ya unga wa lishe chagua moja moja, tupa zilizosinyaa, zenye ukungu au chungu. Sumukuvu, yaani sumu inayoachwa na ukungu huo, haitolewi na moto wala baridi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na Kenya mwaka 2004 iliua watu 125, wengi Makueni na Kitui.

Blenda ifungue yote baada ya kila matumizi, pamoja na ule mpira ulio chini ya visu. Hapo ndipo maziwa na nyama ya juzi hukaa.

Chakula kikishasagwa, mbio zinaanza. Kati ya nyuzi 5 na 60 vijidudu huzaliana upesi, na jikoni kwa joto la Pwani una saa moja, si mbili. Usikiache sufuriani kipoe chenyewe, na usikiingize friza kikiwa moto, kitayeyusha majirani zake. Weka sufuria ndani ya beseni la maji yenye barafu, koroga, badilisha maji yakipata joto. Dakika 20 hadi 30 zinatosha kwa kiasi kidogo. Kisha mimina kwenye trei bila kujaza hadi ukingoni, funika, panga trei zikigusa ukuta wa friza na zisibebane. Kesho yake bandua vipande, tia kwenye mfuko mzito wa chakula wenye zipu, kamua hewa yote. Kopo la rangi lililosafishwa si chombo cha chakula, hata likisuguliwa mara kumi. Mifuko yote iingie ndani ya boksi moja lenye kifuniko, rafu ya juu, mbali na kuku mbichi anayedondosha.

Kila mfuko uwe na utepe wa karatasi wenye jina la chakula na tarehe, umeandikwa kwa wino usiofutika na kubandikwa mfuko ukiwa mkavu. Rojo ya maini na ya maharage zinafanana kabisa zikiganda. Vya zamani vitangulie kutoka. Hata kwa nyota tatu, kwa umeme wetu, weka mwisho wako kuwa mwezi mmoja.

Kuyeyusha: ndani ya friji usiku kucha, au moja kwa moja kutoka friza hadi sufuriani. Si juani dirishani, si juu ya meza. Kilichoyeyushwa kwenye friji kiishe ndani ya saa 24. Pasha na kijiko cha maji hadi kitokote na kutoa mvuke, ukikoroga hadi katikati, kisha kipoze hadi kiwe vuguvugu na ukijaribu kwenye kifundo cha mkono. Maikrowevu huacha sehemu za moto mkali ndani, kwa hiyo koroga mara mbili. Rojo iliyoyeyuka huwa nyepesi: ongeza kiazi lishe kilichopondwa, usiongeze maji, kwani chakula kinatakiwa kikae kwenye kijiko bila kuchuruzika. Mafuta kijiko cha chai kimoja yatiwe mwisho. Kupasha ni mara moja tu, na kinachobaki kwenye bakuli alilokulia mtoto kinamwagwa, kimeshaingia mate. Toa kidogo kwa kijiko safi; akitaka, ongeza.

Haya yote hayasaidii kama anayepasha mchana hayajui. Usimwachie dada maagizo ya simu ukiwa kwenye daladala. Pika naye Jumapili moja, mwache apashe mbele yako mara tatu, mwonyeshe sarafu. Mwambie waziwazi kwamba akimwaga chakula hatagombezwa, kwa sababu dada anayeogopa kugombezwa atarudisha mabaki friza. Bibi akija kusalimia, naye umweleze kwa heshima hivyo hivyo. "Sisi tuliwalea bila friza" ni kweli, walipika na kulisha saa ile ile.

Friza isikae karibu na jiko. Ipitishe kwenye stabilaiza, umeme unaporudi kwa kishindo usije ukaiunguza. Chakula cha mtoto kilichogandishwa na mtu usiyejua friza yake, usikipokee. Mtoto akiharisha, acha kutumia chote kilichopikwa siku ile, endelea kumnyonyesha, mpe ORS, na kituo cha afya watampa zinki. Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, macho yakiingia ndani, akilegea au kinyesi kikiwa na damu, nenda saa hiyo hiyo usiku au mchana. Na utepe wa mfuko ule ubebe: mwuguzi atauliza alikula nini na kilipikwa lini.