Kufunga kizazi: ya kuuliza kabla ya upasuaji na ya kuangalia baada yake

Upasuaji wa kufunga kizazi kwa mwanamke, yaani kufunga au kukata mirija inayopitisha mayai, ni mdogo na mara nyingi hufanyika kwa ganzi ya sehemu pamoja na dawa ya kutuliza, lakini udogo huo usikufanye uuchukulie kama kuchomwa sindano. Mnamo Novemba 2014, katika kambi moja ya muda ya upasuaji huo karibu na mji wa Bilaspur nchini India, daktari mmoja aliwafunga kizazi wanawake 83 kwa saa chache tu, na zaidi ya 10 kati yao wakafariki. Ilibishaniwa iwapo chanzo kilikuwa vifaa vichafu au dawa walizopewa baadaye. Haraka ile, hata hivyo, ilikosolewa vikali.

Kwa hiyo uliza bila haya: daktari atahudumia wangapi siku hiyo, vifaa hutakaswa vipi kati ya mgonjwa na mgonjwa, na usafiri wa kukufikisha hospitali kubwa upo? Mweleze iwapo una kisukari, shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo, na hasa kama uliwahi kupasuliwa tumbo, kwa kuwa makovu ya ndani hufanya viungo vya tumboni vigandamane na kufanya kibofu au utumbo ujeruhiwe kwa urahisi. Usile chochote kwa muda wa saa 8 kabla ya upasuaji. Fomu ya ridhaa usiisaini katikati ya uchungu wa kujifungua. Na hata ukishasaini, unaweza kughairi mlangoni mwa chumba cha upasuaji.

Ukirudi nyumbani pumzika siku 2, na kwa wiki nzima usibebe ndoo ya maji wala mzigo mwingine mzito (hapa ndugu wa nyumbani wanahitajika kuliko dawa). Homa inayozidi nyuzi 38, usaha, kidonda kinachovuja damu, kuzirai, au maumivu ya tumbo yanayoongezeka badala ya kupungua, ni sababu ya kurudi kituoni siku hiyohiyo.

Katika mwaka wa kwanza, wanawake wapatao 5 kati ya 1,000 hushika mimba licha ya kufungwa, na mimba hiyo huelekea zaidi kuliko mimba nyingine kutunga nje ya mfuko wa uzazi. Ukikosa hedhi, kisha ukahisi maumivu makali upande mmoja wa tumbo, nenda hospitali mara moja, hata ikiwa ni miaka mingi tangu ufungwe.