Kuikinga Michai dhidi ya Jalidi: Hatua za Kufuata Kericho na Nandi

Katika nyanda za juu za Kericho na Nandi, nchini Kenya, jalidi, yaani barafu nyembamba inayoganda juu ya majani usiku, haiji wakati wa mvua. Huja kati ya Desemba na Februari, usiku ambao anga haina wingu na upepo umetulia kabisa. Ile ya Januari 2012 iliunguza mashamba mengi ya huku kwetu, na tangu hapo nimeshika jambo moja: jalidi hukabiliwa mapema, kwa kuipa hewa baridi njia ya kutoka shambani.

Hatua ya kwanza ni kuijua njia hiyo. Hewa baridi ni nzito, nayo huteremka kama maji na kutuama bondeni au popote inapozuiliwa. Funga kipimajoto kwenye kijiti, usawa wa pale unapochumia, wala usikitundike ukutani mwa nyumba, kwa sababu usiku wa namna hiyo majani hupoa kuliko hewa iliyo juu yake. Kisome saa kumi na moja alfajiri, juu ya shamba na chini yake.

Hatua ya pili ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, nayo ni kuifungua njia. Nilikuwa nimepanda ua wa nyasi ndefu za nepia ukikingama mteremko. Kila msimu mistari minne ya michai iliyo upande wake wa juu iligeuka kahawia, ilhali ng'ambo ya ua, hatua chache tu chini, majani yalibaki mabichi. Nilikata mwanya wa mita tatu pale ardhi inapoinama zaidi, na msimu uliofuata ni mstari mmoja tu ulioguswa.

Hatua ya tatu inahusu michai michanga, ambayo haijafunika ardhi. Udongo ulio wazi na wenye unyevu hupokea joto la jua na kulirudisha usiku, kwa hiyo sogeza matandazo kando katika sehemu za bondeni pekee; kwingineko yaache, kwani kiangazi nacho kinaua. Usipogoe bondeni karibu na miezi ya jalidi. Miche ya kitaluni ifunikwe kabla jua halijazama, kwa nyasi zilizolazwa juu ya fito bila kugusa majani, kisha ifunuliwe asubuhi.

Huko Shizuoka, Japani, wakulima husimamisha mapangaboi juu ya nguzo ili yasukume chini hewa yenye joto kiasi iliyo juu ya shamba, lakini gharama yake ni nzito kwa mkulima mdogo. Kunyunyizia maji usiku kucha pia husaidia, mradi yasikatike kabla barafu haijayeyuka. Yakikatika, madhara huzidi. Kuchoma matairi sikushauri hata kidogo, maana moshi hauleti joto.

Jalidi ikishapiga, usikimbilie kisu. Subiri machipukizi mapya yaonyeshe tawi limekufa hadi wapi, ndipo ukate chini kidogo ya hapo, na majani yaliyoungua usiyachanganye kamwe na mazuri kikapuni.