Tuta la bwawa limezeeka? Anza na maji yanayovuja

Wakuu, masika yanaingia Machi, so sisi tunaolima mabondeni huku Dar, Mpiji mpaka Mzinga, bwawa la kuzuia mafuriko linakaguliwa Januari na Februari maji yakiwa chini, usisubiri mawingu.

Kwanza fyeka tuta lote, kwenye nyasi ndefu huoni kitu. Halafu shuka upande wa mashamba, pita kwenye kitako cha tuta taratibu, pakiwa pabichi na pengine pakavu simama hapo. Panachuruzika? Kinga maji kwenye chupa ya plastiki, iache nusu saa. Yakiwa safi, pima ndoo ya lita 20 inajaa kwa dakika ngapi, andika na tarehe, rudia kila wiki. Ila ukiona tope limetuama chini ya chupa, ndugu yangu, hilo ni tuta lenyewe linatoka kidogo kidogo, ndani kuna tundu linakua.

Hapo wengi wanakimbilia kuziba kwa mfinyanzi au zege. Msifanye hivyo jamani! Maji ukiyafungia upande wa chini yanatafuta pengine pa kutokea na presha inapanda. Yachuje: mwaga mchanga safi, juu yake kokoto ndogo, halafu kubwa, maji yapite udongo ubaki. Yakibubujika kama chemchemi zungushia viroba vya mchanga yapunguze kasi, na injinia aitwe siku hiyohiyo.

Ufa unaokatiza tuta ni hatari kuliko unaoenda na urefu wake. Mashimo ya panya na vichuguu chimba mpaka udongo mzima, jaza tabaka za sentimita 15, shindilia kila moja, udongo ukiubana kiganjani ushikane bila kuchuruza maji. Miti midogo kata, mkubwa usiung'oe mwenyewe maana mizizi inaacha njia ya maji.

Utoro wa maji, ile njia ya kutolea maji bwawa likijaa, usizibwe hata kwa kiroba kimoja eti maji yabaki ya kumwagilia, tuta la udongo maji yakipita juu yake linakatika. Kazi kubwa zaidi ya hizi pelekeni kwanza Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu.

Na mvua kubwa ikinyesha wekeni zamu ya watu wawili wenye tochi na namba za simu za wote wanaolala chini ya bwawa. Kule Solai, Nakuru, Mei 2018 tuta lilipasuka usiku, wakafa watu zaidi ya 40.