Jinsi ya kuomba rekodi za polisi kwa Sherifu wa Kaunti ya King, Washington

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili kusini mwa Seattle, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni makaratasi. Maombi ya rekodi za polisi ninayoletewa niyasome huwa yameandikwa kama barua ya kuomba msaada: salamu, habari za familia, masaibu yaliyotokea, halafu mwisho kabisa ndipo mtu anataja anachotaka. Karani wa rekodi hana kazi na masaibu hayo. Anachotaka kujua ni rekodi gani, ya tukio gani, ili aingie kwenye kompyuta aitafute.

Haki ya kuomba rekodi hizi inatokana na Sheria ya Rekodi za Umma ya jimbo la Washington, iliyoanza kwa kura ya wananchi mwaka 1972 na ambayo leo ni sura ya 42.56 ya sheria za jimbo. Haidai uwe raia, wala uwe mkazi wa jimbo. Ofisi hairuhusiwi kubagua waombaji, na kwa kawaida haipaswi kukuuliza rekodi unaitakia nini. Kila jimbo lina sheria yake, kwa hiyo ya huku usiyapeleke kwingine: Virginia inaweza kumkatalia asiye mkazi wake, na Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali hilo mwaka 2013. Pia usiandike kwamba unaomba kwa FOIA. Hiyo ni sheria ya serikali kuu, haimhusu sherifu wa kaunti.

Hatua ya 1: Jua askari waliokuja ni wa nani

Hapa ndipo watu wengi hupotelea. Seattle, Kent, Renton, Tukwila na Federal Way kila mmoja una polisi wake, na rekodi zao zinaombwa kwa jiji husika. Sherifu anahudumia maeneo ya kaunti yasiyo ndani ya jiji lolote, pamoja na miji inayomlipa kwa mkataba, kama Burien, SeaTac na Shoreline. Katika miji hiyo ya mkataba gari la doria huandikwa jina la jiji, mtu akaapa kwamba aliyemhudumia ni polisi wa jiji. La hasha, ni askari wa sherifu, na rekodi ziko kwa sherifu.

Kuna mambo mengine matatu ambayo sherifu huyu hayashiki. Ripoti za ajali za magari, hata zile zilizoandikwa na askari wake, hukusanywa na Washington State Patrol (polisi wa jimbo) na huombwa huko. Jela ya Kaunti ya King iko chini ya idara nyingine ya kaunti. Na karatasi za mahakamani huombwa kwa karani wa mahakama, kwa utaratibu wake. Sheria hii haizigusi.

Hatua ya 2: Tafuta namba ya kesi

Kama ulizoea namba ya OB Kenya au RB Tanzania, hii ndiyo ndugu yake. Mara nyingi askari huiandika kwenye kadi ndogo anayokuachia, pamoja na jina lake. Kadi ikipotea usikate tamaa. Tarehe, saa ya kukadiria, anwani kamili na majina ya waliohusika vinatosha kumfikisha karani kwenye faili. Majina yaandike kama yalivyo kwenye kitambulisho ulichomwonyesha askari. Wenye majina matatu, ongezeni na jinsi yanavyoweza kuwa yamegeuzwa, kwa sababu jina la babu huishia mahali pa jina la ukoo na faili ikakosekana.

Hatua ya 3: Amua unataka nini hasa

"Kila kitu kuhusu kesi yangu" ni ombi halali, ila litakuchelewesha. Tukio moja huzaa rekodi kadhaa: ripoti ya tukio na nyongeza zake, maelezo ya mashahidi, picha, kumbukumbu ya kompyuta inayoonyesha simu iliingia saa ngapi na gari lilifika saa ngapi, sauti ya simu ya 911, na video ya kamera ya kifuani pale askari alipoivaa. Bima kwa kawaida huridhika na ripoti ya tukio peke yake. Wakili atataka zaidi.

Sauti na video ziombe mapema, hata kabla hujajua kama utazihitaji. Kwa video ya kamera ya kifuani sheria inaitaka ofisi kuihifadhi angalau siku 60, na baada ya hapo si salama kuitegemea. Kwa video hiyo lazima utaje angalau kimojawapo kati ya hivi: jina la aliyehusika, namba ya kesi, tarehe na saa na mahali, au askari mwenyewe. Kama ulihusika kwenye tukio, sema hivyo waziwazi. Aliyehusika halipishwi gharama ya kuficha sehemu za video. Mtu wa nje anaweza kulipishwa, na si hela ndogo.

Sauti ya 911 nayo ina mtego wake. Simu za Kent, Renton na Tukwila hupokewa na Valley Communications Center, ambacho ni chombo kinachojitegemea, hivyo ombi lake linakwenda kwao.

Hatua ya 4: Andika ombi

Tumia fomu iliyo kwenye tovuti ya Ofisi ya Sherifu. Inakupa namba ya ombi papo hapo. Andika kwa Kiingereza, kwa ufupi, kwa mpangilio huu:

"Kwa mujibu wa sura ya 42.56 ninaomba nakala za kielektroniki za rekodi hizi: (1) ripoti ya tukio na nyongeza zote, namba ya kesi fulani, (2) sauti za simu za 911 kuhusu tukio hilo, (3) video za kamera za kifuani. Tukio lilitokea tarehe fulani, saa fulani, anwani fulani. Mimi ni mmoja wa waliohusika. Gharama ikizidi dola 20 nijulisheni kwanza."

Basi. Usiulize maswali kama "kwa nini hamkumkamata?" Ofisi inalazimika kutoa rekodi iliyopo, hailazimiki kujibu maswali wala kutengeneza karatasi mpya. Na kumbuka kwamba ombi lako lenyewe ni rekodi ya umma, mtu mwingine anaweza kuliomba. Habari za viza, hifadhi au ugonjwa usizimwage humo.

Hatua ya 5: Hesabu siku

Ofisi ina siku 5 za kazi kujibu, bila kuhesabu siku ya kupokea. Kujibu si lazima kuwe kukupa rekodi. Wanaweza kukwambia ombi limefika na kukadiria muda, kukuomba ufafanue, au kukataa. Wakikuomba ufafanuzi jibu mara moja, maana ukinyamaza ombi linaweza kufungwa. Rekodi nyingi hutolewa kwa mafungu, na fungu moja usipolichukua hawana wajibu wa kuendelea na yaliyobaki.

Malipo ni madogo. Kusoma rekodi ofisini ni bure. Viwango vya sheria ya jimbo ni senti 15 kwa ukurasa wa karatasi na senti 10 kwa ukurasa uliopigwa skani.

Hatua ya 6: Soma yaliyofutwa kwa weusi

Usishtuke ukiona mistari myeusi. Namba za leseni na za Social Security hufichwa, na pia jina la shahidi au mwathirika pale kulitaja kunapoweza kumhatarisha. (Ukiwa wewe ndiye mwathirika, mwambie askari siku ileile kwamba hutaki jina lako litolewe, kama kulitoa kunakuhatarisha, matakwa yako yana nguvu kisheria.) Uchunguzi ukiwa bado unaendelea, faili lote linaweza kuzuiwa. Kesi ikishapelekwa kwa mwendesha mashtaka, kizuizi hicho cha jumla huisha. Hivyo ndivyo Mahakama ya Juu ya jimbo ilivyoamua mwaka 2013, katika kesi ya Sargent dhidi ya polisi wa Seattle. Omba tena wakati huo.

Kila kilichofichwa lazima kiambatane na kifungu cha sheria na maelezo mafupi. Hakipo? Mwandikie afisa wa rekodi, mtajie namba ya ombi, mwombe kifungu. Ukikataliwa na hukubali, omba ndani ya ofisi uamuzi upitiwe upya. Usipojibiwa hadi mwisho wa siku ya pili ya kazi baada ya kukataliwa, kukataa huko kunahesabika kuwa ndio uamuzi wa mwisho. Kinachofuata ni Mahakama Kuu ya kaunti, na mlango huo hufungwa mwaka mmoja tangu ofisi itaje kifungu ilichotumia kukataa au itoe fungu la mwisho. Ukishinda, ofisi hulipa gharama za wakili wako, na jaji anaweza kuitoza hadi dola 100 kwa kila siku uliyonyimwa rekodi. Ndiyo maana baadhi ya mawakili hukubali kesi hizi bila kudai malipo mwanzoni, hivyo waulize kabla mwaka haujaisha.